Usiilaumu lenzi kwanza: namna ya kupata picha kali kwa lenzi ndefu ukiwa Dar

Ujumbe huwa ni ule ule, kinachobadilika ni jina la mtumaji tu. "Kaka, nimechukua 70-300 mwezi uliopita, lakini picha zote zina ukungu. Niirudishe?" Halafu inafuata picha yenyewe: ngalawa iko mbali baharini, saa saba mchana, imepigwa kutoka Coco Beach kwa milimita 300 kamili, kamera imeshikwa kwa mkono mmoja na mkono wa pili una mihogo. Mihogo nimeiongeza mimi, lakini hayo mengine ni kweli.

Kumjibu kila mtu peke yake nimeshindwa, maana nikijibu harakaharaka naacha mambo ya msingi. Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye lenzi ya zumu inayofika milimita 200, 300, 400 au hata 600, anayepiga hapa hapa mjini: ndege, mpira wa mchangani, boti, sherehe za mtaani. Nadharia nimeipunguza sana. Lenzi nyingi ninazoletewa niziangalie hazina ubovu wowote. Shida huwa kwenye kasi ya shata (lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga), au kwenye mikono, au kwenye hewa iliyo kati ya mpigaji na kile anachokipiga. Hiyo hewa ndiyo watu wa Dar tunaisahau kuliko kitu kingine, kwa hiyo nitaizungumzia kwa kirefu tukifika.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Kamera yenye betri iliyojaa na kadi yenye nafasi. Utapiga picha nyingi za kutupa, jiandae kisaikolojia.
- Lenzi pamoja na kofia yake ya mbele, ile plastiki inayokinga jua. Wengi wanaiacha kwenye boksi, au wanaifunga kinyumenyume mwaka mzima kama kapelo iliyogeuzwa.
- Kitambaa laini cha kufutia kioo na kipulizio kidogo cha mpira cha kutolea vumbi. Kona ya fulana haihesabiki.
- Kitu cha kuegemezea. Tripodi ikiwepo ni sawa, na kwa mpira monopodi, ile ya mguu mmoja, ni bora zaidi. Kama huna, mpe fundi cherehani kipande cha jinzi akushonee kifuko, ujaze mchele kilo moja hivi. Ukikilaza juu ya ukuta au kwenye dirisha la gari na kukalisha lenzi juu yake, inatulia kama mtoto aliyelala. Cha kwangu huwa nakimwaga mchele kila nikirudi nyumbani, kwa sababu panya walishakigundua.
- Asubuhi mbili au tatu za mazoezi. Hili halina njia ya mkato.

Hatua ya 1: Safisha kioo, vua filta

Ile filta ya UV uliyopewa dukani kama nyongeza, ivue. Kwenye lenzi fupi pengine hutaona tofauti, lakini kwenye milimita 300 kioo cha bei rahisi kilichokaa mbele ya lenzi kinaweza kuharibu picha nzima. Piga picha mbili za kitu kimoja, moja ikiwa na filta na nyingine bila, kisha uamue mwenyewe.

Baada ya hapo washa tochi ya simu, mulika lenzi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Unyevu wa Dar unaipenda sana lenzi iliyofungiwa kwenye begi miezi mitatu. Mimi hutunza za kwangu kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la kuwekea vyakula, pamoja na vile vifuko vya chembe vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hata kama una hela ya kabati maalumu, kontena linatosha kuanzia.

Tahadhari: ukitoka kwenye chumba chenye AC na kuifungua kamera nje papo hapo, lenzi itajaa mvuke kama glasi ya soda baridi. Ukifuta, unarudi tena. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto taratibu. Anayetoka alfajiri aitoe kamera chumbani usiku ule ule.

Hatua ya 2: Panga kasi ya shata kabla ya kitu kingine chochote

Tumia modi ya S (kwenye Canon imeandikwa Tv), au M ukiwa umeiachia kamera ipange ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) yenyewe. Modi ya Auto haijui kuwa umeshika lenzi ndefu wala haijui kuwa mbele yako kuna mtoto anakimbia.

Kanuni ya wazee wa kazi ni hii: namba ya chini kwenye kasi ya shata isiwe ndogo kuliko urefu wa lenzi. Ukiwa kwenye milimita 300, usishuke chini ya 1/300. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa ndogo (sensa ni kile kinachopokea picha ndani ya kamera), kwa hiyo zidisha kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon. 300 mara 1.5 ni 450, na kasi iliyo karibu ni 1/500. Hiyo ni kwa mikono iliyozoea na kitu kilichotulia. Mikono yako bado mipya, ongeza mara mbili: 1/1000.

Hapo tumeshughulikia mtikisiko wako wewe. Kitu chenyewe nacho kinatembea, kwa hiyo chukua iliyo kubwa kati ya kasi ya mikono yako na hizi:

- mtu amekaa au anaongea: 1/500
- mtu anatembea, ngalawa inakwenda: 1/800
- mpira, watoto wanaopiga mbizi: 1/1000 hadi 1/1600
- ndege anayeruka: 1/2000 au zaidi

Ukidhani natia chumvi, piga hesabu. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde, kwa kasi ya 1/250 anakuwa amesogea sentimita 3 shata ikiwa bado wazi. Uso wake utavutika. Kwa 1/1000 anasogea chini ya sentimita moja.

Hatua ya 3: Tundu f/8, na uache kuiogopa ISO

Zumu za bei ya kawaida zina udhaifu wake, na huonekana zaidi ukizivuta hadi mwisho huku tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi likiwa wazi lote. Palipoandikwa f/5.6 au f/6.3, bana kidogo ufike f/8 (namba ikipanda, tundu linabana; kwa hili tumia M, maana kwenye S kamera hulipanga tundu yenyewe). Na badala ya milimita 300 kamili, rudi 250 hivi. Kwa lenzi nyingi mabadiliko hayo mawili madogo ndiyo yanayomfanya mtu aanze kuisifia lenzi aliyokuwa anaitukana. Lakini usivuke hadi f/16 au f/22 ukidhani ukali utazidi, maana mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo sana hutawanyika na picha inalegea tena.

Mwanga ukipungua, fungua tundu kwanza, halafu pandisha ISO, na kasi ya shata iwe ya mwisho kuguswa. Weka ISO ya kujipanga yenyewe na kikomo cha 3200, au 6400 kama kamera ni ya miaka ya karibuni. Najua mtu fulani aliwahi kukuambia usivuke 400. Picha yenye chenga kidogo bado inachapishika na mteja anailipia. Picha iliyotikisika haina dawa, hata programu zile za kunoa picha zinaishia kuchora kope ambazo hazikuwepo.

Hatua ya 4: Shika kama mtu anayejua uzito wa alichoshika

Mkono wa kushoto unakaa chini ya lenzi, kiganja kikitazama juu kama unayepokea kitu, karibu na pete ya zumu. Usiishike kamera pande zote mbili kama sinia. Viwiko vibane mbavuni. Miguu iachane kidogo, mmoja mbele. Jicho kwenye tundu la kuchungulia, na paji la uso likandamize kamera: hapo unapata mguso wa tatu baada ya mikono miwili.

Vuta pumzi, toa nusu, kisha minya kitufe taratibu. Kuna watu wanakibonyeza kama kengele ya geti. Kwa milimita 400 mshtuko huo mdogo tu unaonekana.

Kama kuna nguzo, mwembe au ukuta, egemea. Hakuna atakayekupa alama kwa kusimama wima katikati ya uwanja.

Tahadhari: kupiga kwa kutazamia kioo cha nyuma huku umenyoosha mikono mbele ni kosa ninaloliona kila wikiendi. Simu inavumilia, lenzi ya 300 haivumilii.

Hatua ya 5: Fokasi ya nukta moja, juu ya jicho

Ukiiachia kamera ichague yenyewe, mara nyingi itashika kilicho karibu: tawi, kamba ya wavu, bega la mtu aliyekaa mbele yako. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke juu ya jicho. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinazotambua macho ya watu na ndege zimerahisisha sana kazi hii, washa hiyo huduma kama unayo. Hata hivyo majani yakiwa mengi rudi kwenye nukta moja.

Kitu kimetulia, tumia AF-S (Canon huita One Shot). Kinatembea, tumia AF-C (Canon: AI Servo au Servo), ambapo kamera inaendelea kufuata ukiwa umebonyeza kitufe nusu. Anza kukifuata kabla hakijafika unapotaka kukipiga, usisubiri kifike ndipo unyanyue lenzi.

Nadharia kidogo hapa, kwa sababu inaumiza wengi. Kwa milimita 300 na f/5.6 kwenye sensa ndogo, ukimpiga ndege aliye mita 5 mbele yako, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 6 tu kutoka mbele hadi nyuma. Fokasi ikishika bawa, jicho limeshapotea. Na wewe ukiyumba mbele kidogo baada ya kushika fokasi, hivyo hivyo.

Lenzi nyingine zina swichi pembeni ya kuizuia isitafute fokasi ya karibu. Kama unapiga boti, iweke upande wa mbali, fokasi itashika haraka zaidi. Na ukivaa miwani, au hata usipovaa, zungusha kile kigurudumu kidogo pembeni ya tundu la kuchungulia mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Nimewahi kukaa mwezi mzima nikidhani fokasi ya kamera niliyoazima imekufa, kumbe mwenyewe alikuwa ameipangia macho yake.

Hatua ya 6: Kizuia mtikisiko, jua kinachofanya na kisichofanya

Canon wanaandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Tamron VC, Sigma OS. Kazi ni ile ile: kutuliza mtikisiko wa mikono yako. Ukibonyeza nusu, subiri kidogo picha itulie kwenye tundu la kuchungulia ndipo upige. Hakimsimamishi mchezaji, hakimsimamishi ndege. Baadhi ya lenzi za 75-300 na 70-300 za bei ya chini hazina kabisa, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye lenzi kabla ya kulipa.

Ukiweka kamera kwenye tripodi, kizime, hasa kwenye lenzi za zamani, kwa sababu kinaweza kutafuta mtikisiko ambao haupo na kikauleta chenyewe. Lenzi kubwa kama za 150-600 zina pete ya miguu: funga pete hiyo kwenye tripodi, usifunge kamera. Usinyanyue nguzo ya katikati ya tripodi, na tumia saa ya kamera ya kuchelewesha shata kwa sekunde 2 ili mkono wako uwe mbali shata inapofunguka. Upepo wa baharini ukivuma, kaa chini, shusha miguu ya tripodi, jifanye mfupi.

Hatua ya 7: Chagua saa, maana hewa nayo ni kioo

Mwaka niliponunua lenzi yangu ya kwanza ndefu nilikuwa naenda Msasani karibu kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nasimama ufukweni na kupiga mashua zinazokatiza mbele ya kisiwa cha Bongoyo. Kila picha ilitoka kama imechorwa kwa rangi ya maji. Tanga lilikuwa na mawimbi pembeni, na mlingoti ulipinda mahali ambapo mlingoti haupindi. Niliongeza kasi ya shata hadi 1/2000, nikanunua tripodi, nikaipeleka lenzi kwa fundi mjini, akaifungua, akaisafisha, akanirudishia na kunihakikishia kuwa ni nzima. Jumamosi iliyofuata, yale yale. Nikaiweka sokoni. Mnunuzi alitaka kuijaribu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, pale pale. Alipiga picha tatu, akazikuza kwenye kioo cha kamera, na mimi nikachungulia begani kwake. Kamba za tanga zilikuwa zinahesabika. Sikuiuza.

Kilichokuwa kinaniharibia ni joto. Jua likishaupasha mchanga, lami na mabati, hewa ya moto inapanda ikichanganyika na ya baridi, na kila tabaka linaupinda mwanga kivyake. Ni ule mchezo unaouona juu ya lami ya Barabara ya Bagamoyo mchana, pale magari ya mbali yanapoonekana kama yanaelea kwenye maji. Lenzi fupi haionyeshi. Lenzi ndefu inaukuza mchezo huo pamoja na kitu chenyewe. Hakuna kasi ya shata, tripodi wala bei ya lenzi inayoutibu.

Kwa hiyo:

- Kwa vitu vya mbali, piga kati ya mapambazuko na saa mbili na nusu asubuhi hivi, au siku ya mawingu. Jioni nayo inafaa, ila lami na mchanga huwa bado vina joto la mchana, hivyo asubuhi inashinda.
- Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, hali ya hewa ni ya baridi kidogo na kavu kuliko miezi ya kaskazi. Mambo yako ya mbali yapangie huko. Januari na Februari shughulika na vitu vya karibu.
- Usipige kwa kupitisha lenzi juu ya boneti la gari lililotoka kuwashwa, juu ya paa la bati, au juu ya jiko la mchoma mahindi. Unacheka, lakini nimeona.
- Ukipigia ndani ya gari, zima injini na AC, shusha vioo vyote na subiri dakika kadhaa. Hewa baridi ikikutana na ya moto pale dirishani inaleta ukungu ule ule, nusu mita kutoka kwenye lenzi yako.
- Sogea mahali pa juu kidogo ukiweza. Hewa iliyo karibu na ardhi ndiyo inayocheza zaidi.

Na kwa kuwa tunaongelea saa: pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi ukiwa Coco Beach unapiga ukilikabili jua, jioni jua linakuwa mgongoni na bahari inang'aa vizuri. Ukitaka majengo ya Posta yakiwa na mwanga wa asubuhi, panda kivuko cha kwanza uvuke Kigamboni, upige ukiwa ng'ambo, mji ukiwa mbele na jua nyuma yako. Ila tumia akili. Ikulu iko jirani na Magogoni, na kuna kambi za jeshi pande za pwani. Lenzi ndefu usiielekeze huko. Ukiambiwa na askari ushushe kamera, shusha, salamu, ondoka.

Hatua ya 8: Sogea

Fupi kabisa. Zumu haifuti umbali, inaukuza tu. Ukimsogelea ndege kutoka mita 40 hadi mita 15, umeondoa mita 25 za hewa, vumbi na joto, na umepata manyoya ambayo hakuna lenzi ingeyaleta kutoka kule. Kwenye mpira wa mchangani omba ruhusa ukae karibu na kibendera cha kona. Soko la samaki la Feri, salimia watu kwanza, nunua hata samaki, kamera baadaye. Lenzi ndefu isikufanye uwe mpelelezi wa watu wasiojua kuwa wanapigwa picha.

Hatua ya 9: Piga mfululizo mfupi, kisha kagua

Weka kamera kwenye mfululizo, piga picha tatu hadi tano kwa mpigo mmoja. Ya kwanza mara nyingi ina mshtuko wa kidole kubonyeza, za katikati ndizo hutulia. Halafu simama, kuza picha kwenye kioo cha kamera hadi uone jicho, na uamue. Usisubiri kufika nyumbani Mbagala ndipo ugundue kuwa asubuhi nzima ulikuwa kwenye 1/125.

Zoezi la kunguru

Kabla hujaenda kokote, jifunzie kwa kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo hakuna mtaa wa Dar usio na kunguru anayekuangalia kwa dharau juu ya nguzo ya umeme. Wana faida moja kwa mwanafunzi: hawakuogopi sana, na hawakosekani.

Tafuta mmoja aliyetua umbali wa mita 8 hadi 10, mwanga ukiwa nyuma yako. 1/1000, f/8, ISO ijipange. Nukta ya fokasi iweke pale weusi wa kichwa unapokutana na ukijivu wa shingo, kwa sababu fokasi hupenda mpaka wa rangi mbili. Ukiiweka katikati ya mwili mweusi tii, itahangaika mbele na nyuma. Piga mfululizo mara kumi. Kisha kuza.

Angalia shingo. Unyoya mmoja mmoja ukionekana ukijitenga na mwenzake kama nyuzi za mkeka, na kwenye jicho kukawa na kanukta keupe ka mwanga kenye ukingo safi, hiyo ndiyo picha kali. Shingo ikionekana kama pamba, bado. Rudia kesho kwa 1/500, keshokutwa kwa 1/250, utakijua kikomo cha mikono yako mwenyewe kuliko nitakavyokuambia mimi.

Jambo moja: kunguru mweusi mbele ya anga jeupe atatoka kama kivuli. Ongeza mwanga kwa kitufe chenye alama ya +/-, hatua moja au moja na nusu.

Bado ina ukungu? Isome picha yenyewe

Kuza picha hadi asilimia 100 kwenye kompyuta. Ukungu una aina zake, na kila aina inamtaja mkosaji.

*Kila kitu kimevutika upande mmoja, hata jiwe na ukuta.* Umetikisika. Rudi hatua ya 2 na ya 4.

*Ukuta ni mkali, mtu amevutika.* Yeye ndiye aliyesogea. Ongeza kasi ya shata, kizuia mtikisiko hakikusaidii hapa.

*Ndege ana ukungu, tawi la mbele au jani la nyuma ni kali.* Fokasi imeshika pengine. Hatua ya 5.

*Mistari iliyonyooka ina mawimbi, na katika mfululizo wa picha tano kila moja imepinda kivyake.* Joto. Funga kamera, kanywe chai, urudi asubuhi.

*Picha nzima imepauka, kama kuna moshi.* Filta, mafuta ya vidole kwenye kioo, kuvu, au jua linapiga moja kwa moja kwenye lenzi. Vaa ile kofia. Baada ya kukaa ufukweni futa pia chumvi, ila pulizia kwanza, usisugue chembe za mchanga kwenye kioo.

*Ni kali kwenye kioo cha kamera, lakini ina ukungu WhatsApp.* Picha yako ni nzima. WhatsApp inaibana ikitumwa kama picha. Itume kama dokumenti.

*Umefanya yote na bado.* Sasa ndiyo tuijaribu lenzi. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, asubuhi, mahali penye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Kamera kwenye tripodi ikiwa imenyooka sawa na ukuta, mita 5 hivi, kizuia mtikisiko kimezimwa, f/8, saa ya sekunde 2. Piga picha tano kwa fokasi ya kawaida kupitia tundu la kuchungulia, na tano kwa fokasi ya kwenye kioo cha nyuma. Za kioo zikiwa kali na za tundu zikawa na ukungu, kamera yako ya DSLR (ile yenye kioo cha ndani) na lenzi hazielewani kwenye fokasi. Kamera nyingine zina menyu ya kurekebisha hilo, nyingine zinahitaji fundi. Herufi za upande mmoja wa gazeti zikisomeka na za upande wa pili zikawa na ukungu kila mara, geuza kamera juu chini na upige tena. Ukungu ukihamia upande mwingine wa gazeti, kuna kioo ndani ya lenzi kimekaa upande, pengine iliwahi kudondoka. Hapo una haki ya kuirudisha. Beba picha hizo kumi kwenye flashi na risiti yako, na nenda nazo dukani siku ya kazi asubuhi, kabla foleni haijawa kubwa.